Barua kwa mwanangu kuhusu wastani wa 2.8

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Digrii imeisha, wastani ni 2.8 kati ya 4, na bado unataka kuwa PA (physician assistant, yaani msaidizi wa daktari). Shangazi zako wakiuliza hiyo ni kazi gani, waambie inakaribiana na afisa tabibu wa kwetu: anampima mgonjwa, anaagiza vipimo, anaandika dawa, akishirikiana na daktari. Huko Marekani ilianzia Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1965.

Sasa chukua kalamu, maana wengi wanapotea kwenye hesabu. Una krediti 120. Zidisha kwa 2.8, unapata pointi 336. Ukisoma krediti 30 zaidi na zote zikawa A, yaani pointi 4 kwa kila krediti, unaongeza pointi 120. Jumla 456, gawa kwa 150, unapata 3.04. Umevuka. Lakini zote zikiwa A-, kila krediti inaleta 3.7 tu, jumla 447, na wastani unaishia 2.98. Programu nyingi za mafunzo ya PA zimeweka kima cha chini cha 3.0, na mara nyingi aliye chini yake huondolewa kabla mtu hajasoma ombi lake. Hicho kialama cha kutoa kinaweza kukugharimu mwaka mzima.

Usikimbilie kurudia masomo. Chuo chako huenda kinafuta alama ya zamani ukirudia. CASPA, mfumo unaopokea maombi ya karibu programu zote za PA, haufuti kitu. Kemia ya krediti 4 uliyopata C, ukiirudia ukapata A, kwao ni krediti 8 zenye wastani wa 3.0. Rudia D na F za masomo ya lazima, pamoja na C-, kwa kuwa programu nyingi zinataka C kwenda juu. C nyingine ziache. Pesa hiyo ilipie sayansi mpya za ngazi ya juu: jenetiki, biokemia, imunolojia, fiziolojia. Hizo zinaongeza pointi, na zinamwonyesha msomaji kwamba unayaweza masomo yanayofanana na ya programu yenyewe.

Sayansi ina faida nyingine. CASPA huikokotolea wastani wake peke yake, na kwa vile krediti zake ni chache, hupanda haraka. Kama una krediti 60 za sayansi kwa 2.6, krediti 30 za A zinaupeleka hadi 3.07. Masomo ya baada ya digrii ya kwanza nayo hupewa mstari wake, kwa hiyo mwenye kusoma ombi anaona waziwazi ulivyobadilika. Digrii ya uzamili haisaidii hivyo: alama zake hukaa kwenye mstari wa uzamili, na wastani wa shahada ya kwanza unabaki ulipo. Fikiri vizuri kabla ya kukopa kwa ajili yake.

Mwendo wako uwe masomo mawili ya sayansi yenye maabara kwa muhula, na moja kiangazi. Hizo ni kama krediti 20 kwa mwaka, yaani mwaka mmoja na nusu hivi kufika 30. Nakusihi usizidishe. Anayebeba masomo manne huku akifanya kazi saa 40 kwa wiki hurudi na B zile zile zilizomkwamisha.

Kazi fanya saa 20 kwa wiki. Kwa wiki 50 unapata saa 1,000 za kuhudumia wagonjwa. Programu nyingine zinataka 500, nyingine 2,000. Uuguzi msaidizi wa ngazi ya CNA (msaidizi wa muuguzi mwenye cheti) unafaa, maana unamgusa mgonjwa mwenyewe: kumwogesha, kumgeuza, kupima presha. Sheria ya shirikisho inadai mafunzo yasiyopungua saa 75 tu. Kuandika kumbukumbu pembeni mwa daktari kunahesabiwa na programu hizi, kunakataliwa na zile. Soma ukurasa wa kila moja kabla hujakubali kazi.

Kuchagua programu ndiko kutakakokusaidia kuliko insha yoyote. Tafuta zinazotazama krediti 60 za mwisho, kwa sababu hapo zile 30 mpya ni nusu ya picha nzima. Hakikisha zina ithibati ya ARC-PA, chombo kinachoidhinisha programu za PA huko Marekani. Bila hiyo mhitimu haruhusiwi kufanya mtihani wa leseni. Angalia pia umri wa masomo, kwani baadhi hazikubali sayansi iliyozidi miaka mitano au kumi.

Maombi hufunguliwa mwishoni mwa Aprili, na programu nyingi huita watu kwenye usaili kadiri maombi yanavyoingia. Wahi, lakini A zako ziwe zimeshaingia kwenye matokeo rasmi. Kila chuo ulichowahi kusoma lazima kitume matokeo, hata kile cha jamii ulichochukua somo moja ulipokuwa sekondari. Kimoja kikikosekana, uhakiki unasimama.

Insha ina nafasi ya herufi 5,000. Alama mbovu zipe sentensi mbili: kilichotokea, na ulichobadilisha. Usiombe radhi ukurasa mzima.

Nitumie orodha ya masomo yote, krediti na alama, kabla ya Jumapili tuihesabu pamoja.

Mama yako