Mzigo una kilo 14, mbona nimelipia 40?

Swali hili hutufikia mara kwa upole, mara kwa matusi. La karibuni limetoka kwa dada anayenunua vikapu vya milulu Iringa na kumuuzia mwenye duka Hamburg. Alipima katoni yake kwenye mizani ya duka la mchele, ikasoma kilo 14. Ankara yetu sisi, mawakala wa kusafirisha mizigo nje, ikaja na kilo 40. Akaandika kwenye kundi la wajasiriamali kwamba sisi ni wezi. Basi tunajibu hapa, wasome na wengine.

Ndege haiuzi uzito peke yake, inauza na nafasi. Katoni ile ilikuwa na urefu wa sentimita 80, upana 60, kimo 50. Zidisha, kisha gawa kwa 6,000: unapata 40. Hizo ndizo kilo za ujazo, na shirika la ndege hutoza iliyo kubwa kati yake na kilo za mizani. Kampuni nyingi za vifurushi vya haraka hugawa kwa 5,000, kwa hiyo kwao katoni hiyohiyo ingekuwa kilo 48. Hati ya shirika tunakukabidhi mkononi, na namba imeandikwa humo. Isome.

Kilichomponza dada yetu ni kujipakilia. Tulimwomba alete vikapu vyake vitupu tumfungie kwa ada ndogo, akaona tunamtafutia hela. Akavipanga kimoja kimoja, kila kimoja amekijaza magazeti ili "visiharibike umbo". Mfungaji wetu huvipachika vidogo ndani ya vikubwa na mishikio huilaza kwa ndani. Mzigo ule tungeuingiza kwenye katoni ya 60 kwa 50 kwa 40, yaani kilo 20. Ada aliyoikwepa hailingani kabisa na kilo 20 za nauli alizolipia hewa.

Kama mnunuzi hana haraka, peleka kwa meli. Mzigo wa kuchangia kontena hulipiwa kwa mita ya ujazo, na kwa kawaida hata ukileta robo unalipia mita nzima. Katoni nne za ukubwa ule zinakaribia kabisa kuijaza mita 1. Ndiyo maana ukija na katoni moja tunakuuliza kama unaweza kusubiri mwezi ujao ulete nne.

Hayo ya kilo huisha kwa kueleweshana. Yanayotukosanisha na wateja ni haya maneno mawili: "andika zawadi". Mtu ana vikapu 30 vinavyofanana, anampelekea mwenye duka, na anataka tuandike ni zawadi ya dola 40. Afisa wa forodha akifungua katoni akakuta vitu 30 vya namna moja, hahitaji kuuliza. Msamaha wa ushuru wa zawadi Ulaya unahusu kitu ambacho mtu binafsi anampelekea mtu binafsi, kisichozidi thamani ya yuro 45. Tangu Marekani walipoondoa msamaha wa vifurushi vya chini ya dola 800, mwezi Agosti 2025, maombi ya zawadi yameongezeka. Jibu letu ni lilelile.

Na kinachoudhi ni kwamba kwa Ulaya uongo huo mara nyingi hauokoi chochote. Tanzania imo kwenye orodha ya nchi ambazo bidhaa zake, silaha tu zikiachwa, huingia Umoja wa Ulaya bila ushuru, mradi masharti ya uasili, yaani bidhaa kuwa ya hapa kweli, yametimizwa. Mzigo usiozidi yuro 6,000 hauhitaji hata msafirishaji aliyesajiliwa kwenye mfumo wao: unaandika tamko la uasili juu ya ankara yako mwenyewe, basi. Tunakupa maneno yake, wala hatukutozi. Mnunuzi atabaki na VAT ya kwao, ambayo yeye ameizoea. Vivyo hivyo anayepeleka Nairobi mzigo usiozidi dola 2,000: kuna cheti chepesi cha uasili anachopata mpakani. Tungekuwa wezi tungenyamaza.

Kaka mmoja wa vinyago alitukimbia kwa sababu ya hili, akapata wakala aliyekubali kuandika dola 60 badala ya 1,100. Katoni ikapotea njiani. Fidia ikahesabiwa kwa thamani iliyoandikwa. Alirudi kwetu kuomba tumsaidie kudai, lakini ungedai kwa karatasi ipi?

Kwenye vinyago kuna jingine. Mpingo umo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017, pamoja na jamii yake yote. Bidhaa iliyokamilika inasamehewa kibali kama mpingo ndani ya mzigo hauzidi kilo 10. Ukizidi, kibali ni lazima, na muagizaji wa Ulaya naye anaomba chake. Wapo wanaoandika "mninga" kwenye ankara. Mpingo mweusi, mzito, unazama majini, uuite mninga? Mteja mmoja alifanya hivyo kwa wakala mwingine, mzigo ukazuiwa, na mnunuzi aliyemtafuta kwa miaka akaacha kujibu ujumbe.

Kreti za mbao nazo: lazima ziwe zimepashwa joto hadi nyuzi 56 katikati ya ubao kwa dakika 30 na kugongwa muhuri wa IPPC, mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea dhidi ya wadudu na magonjwa. Fundi wako wa Keko ni hodari, lakini bila muhuri kreti lake haliendi.

Kuhusu bei yetu, ndiyo, tuko juu ya wale wanaokaa nje ya geti la uwanja wa ndege. Wao wanaandika unachowaambia. Sisi tunafungua katoni, tunahesabu, tunatafuta namba sahihi ya HS, ile ambayo forodha hutambulia aina ya bidhaa (vikapu 4602, vinyago vya mbao 4420, si "urembo mchanganyiko"), tunalinganisha ankara na orodha ya mzigo kabla ya forodha kulinganisha. Hiyo ni kazi ya nusu siku na tunailipisha.

Ukitaka bei, usitume picha ya bidhaa pekee. Tuma vipimo vitatu vya katoni kwa sentimita, kilo, idadi, bei halisi aliyokubali mnunuzi, na mji unakokwenda. Ukiandika "katoni ya kawaida tu", tutakujibu kwa kukuuliza vipimo.