Wauza redio watuambie inasikia nini, siyo namba tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Wiki mbili zilizopita ukurasa wenu wa teknolojia uliwashauri wanaotafuta redio ya bendi nyingi wanunue yenye masafa mapana kuliko zote ambazo mfuko wao unazimudu. Nimeusoma ushauri huo mara mbili, nikavua miwani. Ndio huohuo uliomtia hasara jirani yangu, ingawa yeye aliupata dukani.

Jirani huyu ni nahodha wa jahazi la mizigo, huenda Wete na kurudi hapa Tanga. Mwaka jana alishuka Dar es Salaam, akanunua Kariakoo kipokezi cha mkononi, kidogo, unakitia mfukoni. Boksi limeandikwa kwa herufi kubwa: megahezi 0.1 hadi 1300. Muuzaji akamwambia, "Mzee, hii inashika dunia nzima." Nahodha akalipa, tena bila kuvuta sana bei, jambo ambalo kwa ninavyomjua ni la ajabu.

Siku ya pili alikuja nacho kibarazani kwangu. "Shikamoo Mzee Morse. Redio yangu imerogwa."

Jina hilo nimelipata kihalali. Nilikuwa opereta wa redio melini tangu 1979, nikituma ujumbe kwa alama za Morse, nikikaa kwenye chumba chenye ile saa ya ukutani yenye vipande vyekundu na kijani. Vyekundu vilitukumbusha tunyamaze dakika tatu, kila dakika ya 15 na ya 45, tusikilize kilohezi 500 kama kuna meli inayolia. Vya kijani vilikuwa vya kilohezi 2182, saa inapoanza na nusu saa. Tarehe 1 Februari 1999 mfumo mpya wa usalama baharini, GMDSS, ulipokamilika duniani kote, kazi yetu ikafa na saa zile zikabaki mapambo. Nasema haya ili msidhani nimesoma mambo ya masafa jana usiku.

Nilimuuliza nahodha kwanza: unataka kumsikia nani? Akanitajia watatu. Meli zinazoingia bandarini. Taarifa ya habari ya Kiswahili ya masafa mafupi, usiku, akiwa katikati ya mkondo wa Pemba ambako FM inakuja na kupotea. Na kwa udadisi wa kibaharia, meli za mbali zikizungumza kwenye megahezi 8.

Kwa boksi lilivyoandikwa, wote watatu wamo. Meli za karibu ziko kwenye VHF, megahezi 156 hadi 162, na chaneli 16 ni 156.8. Habari za usiku aghalabu ziko mita 49, yaani karibu na megahezi 6, au mita 31 na 25, kwenye 9 na 11. Namba hazikudanganya. Tulipowasha, chaneli 16 ilisikika safi kama mtu yuko sebuleni. Megahezi 8 tukapata sauti ya bata aliyebanwa pua.

Hapo ndipo penye siri ambayo muuzaji hakuisema. Meli za mbali hutumia SSB, mtindo wa kutuma sauti baada ya kuondoa wimbi lililoibeba na upande mmoja wa mawimbi yake, ili nguvu yote iende kwenye maneno. Redio inayopokea lazima ilirudishe wimbi hilo yenyewe. Kipokezi cha nahodha kinajua mitindo ya AM, FM na FM pana (ile ya stesheni za kawaida), basi. Kinafika kwenye masafa hayo lakini hakijui lugha inayozungumzwa pale. Vipo vipokezi vya mkononi vinavyojua SSB, na vipo visivyojua, na namba za juu ya maboksi yao zinaweza kufanana kabisa.

Habari za usiku nazo zilikuja kwa kunong'ona. Antena ya mpira ya urefu wa kiganja haiwezi kunasa wimbi la mita 49 sawasawa. Nikafunga waya wa mita kumi kutoka dirishani hadi kwenye mwembe. Sauti ikapanda, lakini pamoja nayo stesheni moja ya FM ya hapa mjini ikamwagika kila mahali, hadi juu ya msomaji wa habari. Redio inayofungua masikio kutoka 0.1 hadi 1300 mara nyingi haina vichujio vya kutosha kuzuia kelele za wenye nguvu. Upana huo una gharama yake.

Wasomaji wenu walio na magari wanalijua jambo hili bila kwenda shule. Gari limeshuka kutoka Japani, redio yake ni nzuri, spika zinatingisha vioo, lakini FM yake inaanzia 76 na kuishia 90, kwa sababu Wajapani ndivyo walivyokuwa wamepangiwa ilipotengenezwa. Huku kwetu stesheni zinakwenda mpaka 108. Mwenye gari anamlipa fundi amfungie ekspanda, kifaa cha kushusha masafa ya juu, ili asikie angalau baadhi ya stesheni za juu. Hakuna aliyewahi kusema redio ile ni mbovu. Ilitengenezewa watu wengine.

Kadhalika kitufe cha WX, ambacho nahodha alikibonya siku tatu akisubiri habari za kusi. Kile ni cha matangazo ya hali ya hewa ya Marekani na Kanada, 162.400 hadi 162.550. Hapa Tanga angesubiri mpaka kaskazi irudi. Na redio nyingine kutoka hukohuko huruka kilohezi 10 kwa 10 kwenye masafa ya kati, wakati Afrika tunahesabu 9 kwa 9: 531, 540, 549. Stesheni iliyo 657 utaisikia ikikwaruza kati ya 650 na 660, ukidhani umeuziwa kopo. Baadhi zina mahali pa kubadilisha, ila kitabu chake ndicho hicho kilichotupwa pamoja na boksi.

Mjukuu wangu naye alileta kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta, akanionyesha kwa majivuno: megahezi 24 hadi 1766. Namba kubwa kuliko ya nahodha! Nikamwambia haya nitafutie habari za Kiswahili za saa mbili usiku, mita 49. Akatafuta hadi chai ikapoa. Mita 49 iko chini kabisa ya pale kidude chake kinapoanzia.

Wapo pia wanaonunua redio ya upepo ya bei nafuu ya 136 hadi 174 wakitaka kusikia ndege. Marubani huzungumza kati ya 118 na 137, kwa AM. Redio ile ni ya FM na inatuma pia, hivyo ukiishika bila leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, umejitafutia kesi, na ndege hujazisikia. Na hata aliye na kipokezi tupu asijione yuko huru. Cheti changu cha uopereta kilinibana nisitoe nje mazungumzo ya watu niliyoyanasa, na sheria yetu ya mawasiliano ya 2010 haipendi mtu anayenasa yasiyomhusu.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Mnapochapisha matangazo ya redio, mwambieni mwenye duka aandike mambo matatu zaidi ya ile namba kubwa: katikati ya masafa hayo kuna mapengo gani, kila sehemu inapokea kwa mtindo upi (AM, FM au SSB), na kama ina tundu la antena ya nje. Mistari miwili ya tangazo inatosha. Namba pekee ni sawa na kuniuzia jahazi kwa kunitajia urefu wa mlingoti.

Nahodha hakukiuza kipokezi chake. Amekifunga kwa kamba karibu na usukani, kiko chaneli 16 mchana kutwa. Kwa habari za usiku amenunua redio nyingine, ya mezani, yenye SSB na tundu la waya wa nje, ambayo boksi lake linaishia megahezi 108. Bei yake haikufika nusu ya ile ya kwanza.

Opereta mstaafu,
Chumbageni, Tanga