Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: miche ya kahawa hufia nje ya chupa

Mheshimiwa Waziri,

Sisi ni mafundi wa kuzalisha miche kwa njia ya tishu, yaani kukuza miche ndani ya chupa kutokana na vipande vidogo vya jani. Ombi letu ni moja: fungu la fedha za maabara ya miche ya kahawa lisipitishwe bila fungu la banda la kuzoeshea miche hali ya nje.

Si kila kahawa inahitaji maabara. Arabika hujichavusha yenyewe, hivyo aina iliyokwisha kutulia hutoa mbegu zinazofanana na mama. Mkulima wake apewe mbegu, basi. Robusta ya Kagera haijichavushi, kwa hiyo mti uliovumilia mnyauko fuzari, ugonjwa wa kuvu unaokausha mibuni, haurithishi uvumilivu huo kwa uhakika kupitia mbegu. Chotara za arabika nazo hutoa miche isiyofanana na mama zikipandwa kwa mbegu. Vikonyo, yaani vipande vya shina vinavyooteshwa mizizi, vinasaidia, ila bustani mama vinamokatwa hutoa vichache, tena mche wa kikonyo hauna mzizi mkuu. Mche unaotokana na kiinitete (chanzo cha mche, kama kile kilicho ndani ya mbegu) cha maabara unao.

Kazi huanza na jani changa lisilo na kutu. Huoshwa kwa sabuni, likawekwa kwenye spiriti ya asilimia 70 kwa nusu dakika, kisha kwenye dawa ya klorini, na kusuuzwa mara tatu kwa maji yaliyotakaswa. Vipande vya sentimita moja, bila mshipa wa kati, hulazwa juu ya chakula chenye chumvi za Murashige na Skoog (mchanganyiko wa madini ya kulisha mimea), sukari gramu 30 na agari, yaani unga wa kugandisha chakula, gramu 7 hivi kwa lita, pamoja na homoni. Chumba kiwe giza, nyuzijoto 25 hadi 27. Vipande vikigeuka kahawia ni sumu ya fenoli za jani lenyewe: vihamishwe mapema kwenye chakula kipya. Kinachofuata ni uvimbe wa seli, na ukiondolewa oksini, mojawapo ya homoni hizo, hutoa viinitete. Uvimbe huo usizidishwe kwa miezi mingi ili kupata miche mingi kwa bei ya chini. Ndipo hutokea mibuni mifupi mno, yenye majani membamba au yenye mabaka.

Tangu jani hadi mche mdogo ni miezi tisa au zaidi, na kazi yote hiyo huweza kupotea wiki ya kwanza nje ya chupa. Mche wa chupa hauna nta ya kutosha kwenye majani, na vinyweleo vyake, yaani matundu madogo ya majani, havijui kufunga, kwa hiyo hunyauka hata ukiwa umemwagiliwa. Agari ikibaki kwenye mizizi, sukari yake hulisha kuvu.

Banda liwe na mfumo wa ukungu wa maji unaofikisha unyevu wa asilimia 90, kivuli cha asilimia 70 na jenereta. Plastiki inayofunika miche ifunguliwe kidogo kidogo kwa wiki sita hadi nane. Mikataba nayo ilipe kwa mche uliokwisha toka bandani, si kwa mche wa chupani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mafundi wa maabara ya tishu