Nihame, au nibaki na simuleta yangu ya zamani?

Ndugu yangu Kombo,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu, na inaonekana uliye mbali hata na simu yako, maana ujumbe wangu umesomwa, tiki zimegeuka rangi, jibu hakuna. Haya, yamepita. Nimeona nikuandikie barua kamili kwa sababu hili jambo la simuleta, hizi programu za kurusha ndege kwenye kompyuta, ni refu, na kwenye simu utaniambia "we weka tu" halafu upotee tena.

Aliyenichokoza ni Sele. Ameweka Flight Simulator 2024 ya Microsoft kwenye ile mashine yake mpya, kanitumia video anatua Innsbruck, kule Austria: milima imejaa theluji huku na huku, kivuli cha ndege kinatambaa juu ya mapaa, mpaka moshi wa nyumba unauona. Mwisho wa video kaandika, "Wewe bado uko 2006?"

Ndiyo, niko 2006. FSX, simuleta yangu, Flight Simulator X ya Microsoft hao hao, ilitoka mwaka huo, studio iliyoitengeneza ikafungwa Januari 2009, na mimi bado naipaisha kila nikipata nafasi. Sioni aibu. Lakini kijana yule kanitia wadudu kichwani, na tangu hapo kila nikikaa mezani natazama zile nyumba za FSX, kijiji cha huku na kijiji cha kule paa lile lile, naanza kujiuliza nangoja nini.

Mashine yangu unaijua, haijabadilika. Laptop ile ile, prosesa Core i5 ya kizazi cha 8, RAM (kumbukumbu) gigabaiti 8, kadi ya grafiki GTX 1050 yenye gigabaiti 2 tu za kwake, na diski ndogo ya SSD ambayo kila wiki nafuta kitu ili kingine kiingie. Feni ikianza kuvuma, watu wa chumba cha pili wanajua nakaribia kutua.

Nikaanza na masharti ya hiyo 2024. Kiwango cha chini kabisa wanataka RAM gigabaiti 16, kadi ya aina ya GTX 970 yenye gigabaiti 4, na intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde. Hicho ni cha chini. Wanachopendekeza ni RAM 32 na intaneti ya megabiti 50. Huo mlango sina haja hata ya kuubisha. Kitu kimoja tu kilinivutia: diski wanaomba gigabaiti 50, wakati toleo lililotangulia, la 2020, liliomba 150. Nikafurahi, nikadhani wameibana, kumbe mzigo wameuhamishia kwenye intaneti. Ndege, viwanja, ardhi, vingi vinateremshwa kadiri unavyovihitaji. Kwa hiyo pale unapookoa diski, bando ndilo linalolipa. Sele hilo hakulisema kwenye video yake.

Basi macho yakarudi kwenye 2020, na hapo ndipo usingizi ulipoanza kuniruka. Kwenye karatasi naingia! RAM 8 ninazo, kadi wanataka GTX 770 yenye gigabaiti 2, prosesa wanataka i5-4460 ambayo ni ya zamani kuliko yangu, intaneti megabiti 5. Kinachonikwamisha zaidi ni diski. Lakini wewe na mimi tunajua kiwango cha chini maana yake nini. Maana yake programu itafunguka. Kama utatua salama, hilo hawakuahidi.

Na mimi, Kombo, ni mtu wa kutua. Wewe unapenda kuzunguka, kutafuta maziwa na majumba, ukichoka unazima ukiwa angani kana kwamba abiria wako hawana kwao. Mimi furaha yangu yote iko kwenye zile futi mia mbili za mwisho. Otopaileti, ile inayorusha ndege yenyewe, nimeshaizima, upepo unanisukuma kushoto, naangalia taa za pembeni ya njia zinavyobadilika kutoka nyeupe mbili nyekundu mbili kwenda nyekundu tatu, yaani nimeshuka kupita kiasi, naongeza nguvu kidogo, nasubiri. Sasa unajua mashine ikizidiwa inakuwaje hapo. Picha inaganda. Unavuta joistiki, hakuna kitu. Unavuta tena. Kisha skrini inakumwagia yote mawili kwa mpigo: pua juu, spidi imekwisha, na unaanguka kwenye lami kutoka urefu wa ghorofa. Nipe fremu, yaani picha, 30 kwa sekunde zisizotikisika, na nyumba za maboksi, nitakushukuru. Fremu zinazopanda mpaka 45 angani halafu zinaporomoka hadi 12 pale kiwanja kinapoonekana, hizo mpe Sele.

Ninachoogopa zaidi ni hizo gigabaiti 2 za kadi, kuliko hata RAM. Picha za ardhi na majengo zikizidi nafasi ya kadi, zinamwagikia kwenye RAM ya kawaida, na safari ya kwenda kuzichukua huko ndiyo inayoleta mikwamo. RAM naweza kuongeza, nafasi moja iko wazi. Kadi imegandishwa kwenye ubao, haichomoki, na aliyeunda laptop hii alijua anachofanya. Kwa hiyo nitashusha kila kitu: mawingu chini, vivuli chini, umbali wa ardhi chini, na picha yenyewe ichorwe ndogo kisha ivutwe ijaze skrini. Halafu? Halafu nitakuwa na simuleta mpya yenye sura mbaya kuliko ya zamani niliyoiwekea kila kitu juu. Hilo ndilo linalonirudisha nyuma kila nikitaka kuanza kupakua.

Sasa sikiliza upande wa pili, maana usidhani nimeshaamua. Ile RAM uliyoichomoa kwenye laptop yako ulipoongeza, ile ya gigabaiti 8, nilitaka kukuomba. Nikaanza hata kuandika ujumbe. Kisha nikajiuliza: kwa FSX itanisaidia nini? Hakuna. Ni programu ya biti 32, dari yake ni gigabaiti 4 za kumbukumbu, ukiipa 16 au 64 haizioni. Ikijaza hizo nne inakufungia na ujumbe wa kumbukumbu kuisha, kwa kawaida ukiwa umesafiri saa tatu na kiwanja unakiona. Na prosesa nayo ni hivyo hivyo. FSX kazi yake kubwa inaibebesha kiini kimoja, kama mtu mmoja kubeba gunia huku wenzake watatu wamekaa wanamtazama. Ndiyo maana hata ukiihamishia kwenye mashine ya viini vingi huoni tofauti ya maana, labda kiini kimoja kimoja kiwe na kasi kubwa.

Unaona mtego ulipo? Kubaki ni kusema mashine hii imefika mwisho, hakuna senti nitakayoitia ikaleta faida. Kuhama ni kusema kila nitakachoongeza kitafanya kazi, lakini naanzia chini kabisa, tena bila mizigo yangu.

Mizigo hiyo ndiyo hasa. Zile ndege nilizozikusanya, zile sauti, ile Meigs Field uliyoniwekea wewe mwenyewe, kiwanja cha Chicago walichokichimba usiku mwaka 2003, na sisi tukaendelea kutua kana kwamba hakuna aliyetuambia. Vyote hivyo vimetengenezwa kwa FSX. Vichache huenda vikahamishika kwa kubembelezwa, ndege zenye mifumo mizito hazihami. Sele hili halimgusi kwa sababu hakuwa na kitu. Mtu asiye na mizigo anahama nyumba kwa dakika kumi.

Kuna Prepar3D, najua utaitaja. Lockheed Martin, wale watengeneza ndege, walichukua msingi ule ule wa FSX, na toleo la 4 la 2017 likavuka kwenda biti 64, dari ikaondoka. Lakini hiyo nayo inataka nguvu, na nyumba zake bado ni jamaa wa nyumba zangu. Simuleta ya FlightGear ni ya bure na chanzo chake kiko wazi, nitaiweka hata kesho kwa kuichezea, sitaifanya makao.

Kinachonivuta kimya kimya ni X-Plane, simuleta ya kampuni nyingine. Masharti ya X-Plane 12 yanaanzia RAM 8 na kadi yenye gigabaiti 2, yaani mimi kabisa, ingawa wanachopendekeza ni mara mbili ya hapo au zaidi. Ardhi yake inakaa kwenye diski yako na unachagua maeneo unayoyataka, huhitaji intaneti ukiwa angani. Halafu ndege yenyewe: inakata bawa vipande vipande na kukokotoa nguvu ya hewa kwenye kila kipande, na kwa mtu wa kutua kama mimi hicho ndicho chakula. Na cha muhimu kuliko vyote, kuna toleo la majaribio la bure. Muda wake una kikomo na eneo lake ni dogo, lakini kwa kutaka kujua kama laptop itahimili, linatosha. Ya Microsoft sijaona mlango kama huo, unalipa, unapakua usiku kucha, kisha ndiyo unajua.

Ila X-Plane ina tabia moja inanikera. Fremu zikishuka chini ya 20 hivi, inapunguza mwendo wa saa ili hesabu za ndege zisiharibike. Ukiwa peke yako huoni tatizo, utadhani siku ni tulivu. Ukiwa VATSIM sasa, ule mtandao wa marubani wa simuleta na waongoza ndege ambao ni watu kweli, mwongoza ndege anakuona kwenye rada unajikokota nyuma ya wenzako wakati spidi yako inasoma sawa, anakuuliza una tatizo gani, nawe utamjibu nini? Rubani mzima, laptop inapumua? Mimi na Mama Tunu tumeahidiana kurudi VATSIM mwaka huu, na unamjua alivyo, nikichelewesha foleni ataniimba mpaka Krismasi.

Kuna siku nasema nihamie X-Plane 11 badala ya 12. Ni ya 2017, ni nyepesi kidogo, na toleo la 11.50 la mwaka 2020 liliongeza Vulkan, njia mpya ya programu kuitumia kadi ya grafiki, jambo lililosaidia sana mashine zinazosota. Lakini kununua cha 2017 ili kukimbia cha 2006, sijui, naona kama najidanganya. Halafu nasema hapana, fremu ni fremu. Halafu Sele anatuma video nyingine.

Ulivyo, utaniuliza kwa nini nisingoje tu mpaka nipate mashine nyingine. Sababu moja ni kwamba hiyo mashine haipo njiani. Nyingine ni kwamba nimechoka kujibu "bado naangalia".

Sasa nijibu haya, tafadhali yote, usichague rahisi. Wewe una 2020 kwenye kadi ya gigabaiti 4, si ndiyo? Ukifungua kile kidirisha cha msanidi kinachopima fremu, kinachokukwamisha huwa ni kadi au prosesa? Ukiwa kwenye kiwanja kikubwa, fremu zako zinashuka hadi ngapi, na umezifunga kwenye 30 au umeziachia? Ukizima intaneti ukaruka kwa akiba iliyo kwenye diski, ardhi inabaki ya kutazamika au inakuwa tope? Kwa saa moja ya kuruka inakula bando kiasi gani kwako, kwa ukweli, si kwa kukisia? Je, laptop yako ikipata joto inapunguza kasi yenyewe, na ukiinua nyuma kidogo inasaidia? Joistiki yako ile ya zamani ilitambulika mara moja, au ulihangaika?

Na ile RAM, bado unayo? Kama ni DDR4 ya laptop, aina inayoingia kwangu, nitakuombea kwa Mungu ukinipa, na nitarudisha ikishindikana. Unaweza pia kuniazima ile diski ya nje, nihamishie FSX yote na Meigs yake kabla sijagusa chochote? Maana nitaanza na hilo jaribio la X-Plane wikendi hii, RAM ije isije, nimeshafuta picha za harusi ya Shemeji kupata nafasi. (Zipo kwake, usimwambie.) Kama fremu zitabaki juu ya 25 nikiwa na mvua na upepo wa ubavuni, nanunua. Zikishuka, Sele aendelee kucheka.

Jibu kwa sauti kama huwezi kuandika, lakini jibu kabla ya Jumamosi.

Wako,
Athumani

N.B. Ukiongea na Sele, muulize ametua mara ngapi bila otopaileti. Usimwambie ni mimi niliyeuliza.