Ramani za Nyumba Zetu Zizingatie Jua na Upepo

Mhariri,

Naandika barua hii saa tatu usiku, nikiwa katika nyumba ya kupanga mtaani Tudor, Mombasa, orofa ya juu kabisa. Ukuta wa magharibi, ule ambao kitanda cha wanangu kimeegemezwa, ungali na joto ukiugusa kwa kiganja, ilhali jua lilikuchwa tangu magharibi. Pangaboi linazunguka, lakini linachotushushia ni joto lililokusanywa na zege la paa mchana kutwa. Maji ya bomba, yatokayo kwenye tangi jeusi lililowekwa juu ya paa hilohilo, hayaogeki mpaka yakingwe kwenye ndoo na kuachwa yapoe.

Ninalotaka kusema ni kwamba joto hili halikuletwa na hali ya hewa ya Pwani peke yake. Liliamuliwa mezani, siku ramani ya jengo ilipochorwa na kuidhinishwa bila mtu yeyote kuuliza jua litapiga wapi na upepo utaingilia wapi. Mwenye jengo na mchoraji wake ndio wanaoamua, lakini anayelipa ni mpangaji, kwa kununua tokeni za umeme miaka yote ambayo jengo hilo litasimama.

Mombasa iko takriban digrii 4 kusini mwa ikweta. Jua letu hupita karibu na utosi mwaka mzima, hasa mwezi wa Machi na wa Oktoba, kwa hivyo linalopigwa zaidi ni paa, kisha kuta za mashariki asubuhi na za magharibi alasiri. Kuta zinazotazama kaskazini na kusini huponea, kwani jua likiwa juu namna hiyo, kibao kifupi cha zege au cha mbao juu ya dirisha chatosha kulizuia. Nasi watu wa Pwani tumejaliwa zaidi, maana kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki na kusi kutoka kusini mashariki, na nyumba yenye madirisha yanayokabiliana kaskazini na kusini hulikwepa jua na kupokea pepo zote mbili.

Wazee wetu waliyajua haya. Nilikulia Kibokoni, Mji wa Kale, katika nyumba ya nyanya yangu, ambayo kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa zilikuwa na unene wa karibu dhiraa moja. Adhuhuri, wakati lami ya barabara kuu inachoma nyayo, ungeweza kuegemeza shavu ukutani ukaburudika. Dari ilikuwa juu sana, kichochoro cha nje kilikuwa chembamba kiasi kwamba nyumba zilitiliana kivuli, na madirisha ya mbao yalikuwa na vibao vya mshazari vilivyopitisha upepo huku vikizuia jua na macho ya wapita njia. Sisemi turudi kwenye boriti za mikoko, kwani mikoko tunaihitaji ufuoni. Nasema akili ile ya ujenzi haikupaswa kutupwa pamoja na boriti zake.

Badala yake tumekimbilia viyoyozi. Kiyoyozi cha chumba kimoja hula takriban wati 1,000, nalo pangaboi hula wati 70 hivi, yaani kimoja kinatumia umeme wa mapangaboi zaidi ya kumi. Tena joto kinalolitoa chumbani hulitupa dirishani kwa jirani, ambaye naye hulazimika kufunga la kwake na kutafuta kiyoyozi chake. Jioni, matumizi ya umeme yanapopanda, nchi huongezea mitambo inayochoma mafuta, na baadhi yake iko hapahapa kwetu Kipevu.

Mwaka 2018 kaunti iliagiza majengo ya katikati ya mji yapakwe rangi nyeupe yenye mapambo ya bluu. Mjadala wakati ule ulikuwa wa urembo na gharama, lakini weupe una faida nyingine, kwa kuwa huakisi jua badala ya kulinyonya. Tulipaka kuta tukaacha paa, palipo na jua lenyewe! Mji wa Ahmedabad, India, uliokumbwa na joto la kuua watu mwaka 2010, baadaye ulianzisha mpango wa kupaka chokaa nyeupe mapaa ya nyumba za watu wa kipato cha chini. Chokaa tunayo, na mafundi wa kuipaka tunao.

Najua wenye majengo watasema ploti ni nyembamba na lazima nyumba itazame barabara. Ni kweli, na kwa ploti nyingi za mitaa ya Majengo au Kisauni huwezi kuchagua upande. Hata hivyo, hakuna ploti inayomzuia mtu kupaka paa jeupe, kutia kivuli juu ya madirisha ya magharibi, au kuweka ngazi na vyoo upande unaochomwa ili vyumba vya kulala vikae penye upepo. Penye uwanja mdogo, mkungu mmoja au mwarobaini hufanya kazi kubwa.

Naiomba idara ya kaunti inayoidhinisha ramani iweke sharti kwamba kila mchoro wa nyumba za kupangisha uonyeshe dira, njia ya upepo na kivuli cha kila dirisha, na usipoonyesha urudishwe. Sharti hili lianze kabla ya kaskazi ijayo, kwa sababu majengo yanayopanda mwaka huu ndimo watakamolala watoto wetu kwa miaka hamsini.

Mpangaji,
Tudor, Mombasa