Barua ya wazi kwa wazazi wa watoto wanaoimba na kuigiza

Wazazi wenzangu, walezi, na ninyi waalimu wa vikundi vya watoto,

Salaam kwenu nyote. Nimeamua kuwaandikia hadharani kwa sababu jambo hili limesemwa mno pembeni, na watoto wanaamuliwa bila kuulizwa. Baadhi yenu mmeanza kuwatoa watoto katika vikundi vya maigizo na kwaya. Mnasema kwamba mazoezi yanawachelewesha, kwamba mwenye sauti nzuri hana haja ya kusimama nyuma ya wenzake msimu mzima kwa ajili ya sentensi mbili, na kwamba siku hizi studio na simu vinatosha kumpa mtoto umaarufu. Katika mifano mnayonipa, mmoja unajirudia: Lea Salonga, binti wa Ufilipino aliyeonekana Manila akiwa na umri wa miaka 17, akapelekwa London, na akiwa na miaka 20 akapokea jijini New York tuzo ya Tony, tuzo kubwa ya maigizo ya Marekani, ambayo hakuna mwanamke wa asili ya Asia aliyekuwa ameipata kabla yake. Mnaniuliza: huyo alisubiri nini?

Nimeyafuatilia maisha yake kwa mapenzi makubwa, na jibu ninalo. Alisubiri miaka kumi.

Lea Salonga alizaliwa Februari 1971, na alipanda jukwaani mara ya kwanza mwaka 1978, mtoto wa miaka 7, katika mchezo wa kuimba uitwao The King and I uliochezwa na kampuni ya Repertory Philippines. Hakuwa mhusika mkuu. Alikuwa mmoja wa watoto wa mfalme, na wanaoujua mchezo ule wanajua kazi ya watoto hao ni ipi: kuingia kwa zamu muziki unapofika mahali pake, kumwinamia mfalme, kwenda kukaa na wenzao, kuimba kwa pamoja, na kutoka bila kumkanyaga aliye mbele. Kampuni yenyewe ilianzishwa mwaka 1967 na wanawake wawili, Bibot Amador na Baby Barredo, na Amador alisifika na kuogopwa kwa ukali wake wa kazi. Mtoto aliyeingia mikononi mwake hakubembelezwa kwa sababu ana sauti. Mwaka 1980 ndipo Lea alipopewa sehemu kuu katika Annie, mchezo mwingine wa kuimba, na hata baada ya hapo hakuwekwa kwenye nyimbo tu. Alicheza pia katika Cat on a Hot Tin Roof, ambao ni mchezo wa maneno wa watu wazima, usiompa mtoto nafasi ya kuonyesha koo lake.

Naomba tukae hapa kidogo, maana ndipo mnapopapita haraka. Mnadhani sehemu ndogo ni adhabu au ni upendeleo wa mwalimu kwa watoto wengine. Mimi nimeshinda na watoto nyuma ya pazia kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na naweza kuwaambia ninachokiona kule ambako ninyi mlioketi ukumbini hamkioni. Katika mchezo mmoja wa shule, kijana aliyecheza baba alisahau maneno yake, akabaki anatazama sakafu. Binti wa miaka tisa, aliyekuwa amepewa kazi ya kuleta chai tu, aliweka kikombe mezani akamuuliza, "Baba, mgeni umemwambia nini?" Swali hilo halikuwamo katika mchezo, lakini lilibeba neno ambalo yule kijana alikuwa amelipoteza, naye akaendelea. Binti yule aliweza kwa sababu alikuwa amesikiliza kila zoezi, maneno ya wengine akayajua kama yake. Mtoto anayerekodi peke yake chumbani hujifunza kuanza upya kila akosapo, na hilo lina faida yake, lakini halimfundishi kumsikiliza mtu mwingine wala kuendelea pale mambo yanapoharibika mbele ya watu.

Sikatai rekodi. Lea alitoa albamu yake ya kwanza, Small Voice, mwaka 1981 akiwa na miaka 10, nayo ikauza vizuri hata ikapewa hadhi ya dhahabu nchini kwao. Miaka miwili baadaye akawa na kipindi chake cha televisheni. Kwa hiyo umaarufu wa nyimbo ulimjia angali mtoto, na sioni ubaya wowote. Ninachowaomba mkione ni mpangilio: jukwaa lilitangulia, studio ikafuata, na studio ilipokuja jukwaa halikuachwa, kama ambavyo shule nayo haikuachwa. Alipata mafunzo ya muziki katika programu ya watoto wenye vipaji ya Chuo Kikuu cha Ufilipino, akamaliza sekondari mwaka 1988 akiwa wa kwanza katika darasa lake, kisha akajiandikisha Chuo Kikuu cha Ateneo de Manila kusoma biolojia kwa nia ya kuwa daktari. Huyu ndiye mtoto mnayesema aliokotwa ghafla.

Mwaka huohuo wa 1988 ndipo watayarishaji wa mchezo mpya wa kuimba uitwao Miss Saigon walipofika Manila kutoka London, wakiwamo mtayarishaji Cameron Mackintosh na mtunzi Claude-Michel Schönberg. Walikuwa wakitafuta waimbaji wa asili ya Asia ambao hawakuwapata wa kutosha Ulaya. Lea aliimba kwanza wimbo wa jukwaani ambao tayari aliujua. Kisha akatakiwa aimbe wimbo kutoka katika mchezo wao mpya, ambao ulimwengu ulikuwa bado haujausikia, ili waone kama sauti yake inaingia katika muziki huo. Kuimba wimbo mgeni mbele ya aliyeutunga, hali ukijua kwamba maisha yako yote yanaweza kubadilika kabla ya jioni, si jambo la kipaji tu. Ni jambo la kuwa umekwisha kusimama mara nyingi mbele ya mkali anayekwambia "rudia," ukarudia bila kulia. Tena hakuwa peke yake: Monique Wilson, aliyechaguliwa katika usaili uleule na ambaye baadaye alikuwa akiishika kwa zamu sehemu ya Kim, mhusika mkuu wa mchezo huo ambayo Lea alipewa, naye alikuwa amekuzwa na kampuni ileile. Wazungu wale hawakuumba vipaji Manila, bali walivikuta vimekwisha kufundishwa.

Mchezo ulifunguliwa Septemba 20, 1989, katika ukumbi wa Theatre Royal, Drury Lane. Kwa desturi ya London mchezo wa namna hiyo huonyeshwa mara nane kwa wiki, na mwenye kucheza Kim yuko jukwaani karibu muda wote, akiimba kwa nguvu. Sababu ya kugawana sehemu hiyo ni hiyo. Nawaomba mlitafakari hilo ninyi mnaomwimbisha mtoto wa miaka kumi na mmoja harusi mbili kwa siku moja ya Jumamosi, kisha Jumapili asubuhi mnamleta kwangu amekauka sauti mkiniuliza dawa. Dawa ni kunyamaza na kulala. Koo la mtoto halina akiba, na likiumizwa kabla ya kupevuka linaweza kubaki na kovu.

Yaliyofuata mnayajua, nami sitayarefusha. Tuzo ya Olivier, ya maigizo ya Uingereza, aliipata mwaka 1990. Ilipofika zamu ya New York, chama cha waigizaji cha Marekani kilipinga yeye kuja kucheza huko, kikitaka nafasi apewe Mmarekani wa asili ya Asia, hadi msuluhishi alipotoa uamuzi wa kumruhusu. Na tuzo ya Tony ikafuata Juni 1991. Baada ya hapo akawa sauti ya kuimba ya Jasmine katika Aladdin, filamu ya Disney ya 1992, na ya Mulan mwaka 1998, na mwaka 1993 akatoa albamu ya kimataifa. Na kuanzia 2014 hadi 2019 alikaa kwenye kiti cha mkufunzi katika The Voice Kids ya Ufilipino, shindano la televisheni la watoto waimbaji, akiwasikiliza watoto wa watu wengine.

Liko jambo jingine ambalo halisemwi, nalo linatuhusu sisi wazazi kuliko watoto. Kim ni msichana yatima anayefanya kazi katika baa ya Saigon wakati wa vita. Ni sehemu nzito kwa binti aliyetoka shule ya sekondari juzi. Mama yake Lea, Ligaya, alikwenda naye London. Hakumkabidhi kwa kampuni kisha akabaki nyumbani kuhesabu fedha. Ninapowaona watoto wetu wakipakiwa garini saa nne za usiku na promota ambaye mzazi hajui anaishi wapi, nasikia uchungu ambao siwezi kuuficha. Mtoto wa chini ya miaka kumi na minane asiende kurekodi wala kutumbuiza bila ya mzazi au mlezi anayemwona kwa macho yake. Hili silijadili.

Kuhusu fedha, najua uzito wake. Familia ya Lea ilikuwa na uwezo wa kumsubiri, na wengi wenu hamna. Onyesho moja linaweza kulipa ada ya muhula, na sina haki ya kumdharau mama anayeipokea fedha hiyo kwa mikono miwili. Lakini Wafilipino, ambao watoto wao wengi hufanya kazi katika televisheni na matangazo, walifika mahali wakaona kwamba mapenzi ya mzazi peke yake hayatoshi kumlinda mtoto anayeingiza fedha, na mwaka 2003 wakatunga Sheria ya Jamhuri namba 9231. Sheria hiyo inasema kwamba mapato ya mtoto ni mali ya mtoto. Yatumike kwanza kwa matunzo na elimu yake, na mahitaji ya pamoja ya familia yasichukue zaidi ya asilimia 20. Akipata peso 200,000 au zaidi kwa mwaka, angalau asilimia 30 iwekwe katika mfuko wa amana ambao ataushika mwenyewe akifikia utu uzima. Mtoto wa chini ya miaka 15 asifanye kazi zaidi ya saa 4 kwa siku wala saa 20 kwa wiki, na asiwe kazini kati ya saa mbili za usiku na saa kumi na mbili za asubuhi.

Hatuna haja ya kungoja bunge ili tujiwekee vipimo hivyo nyumbani. Fungueni akaunti kwa jina la mtoto. Andikeni katika daftari kila onyesho na kila shilingi iliyopokelewa, na mtoto aoneshwe daftari hilo, kwa sababu akikua atauliza. Mkataba wowote wa kurekodi usitiwe sahihi siku ulipoletwa; upelekeni kwa wakili au kwa kituo cha msaada wa kisheria, na muulize hasa miaka mingapi unamfunga mtoto na nani atamiliki nyimbo. Promota anayesema kwamba nafasi itapotea kesho, mwacheni aondoke nayo.

Mwenzenu mmoja alinijibu kwamba samaki mkunje angali mbichi, na kwamba mimi nawazuia kukunja. Methali hiyo naipenda na nimeitumia sana darasani. Ila kumkunja ni kumfundisha, na ninachokiona kikifanyika kwa baadhi ya watoto wetu ni kumpeleka sokoni moja kwa moja. Wala sidai kwamba kila atakayebaki kikundini atakuwa Lea Salonga. Watoto waliosimama naye mbele ya mfalme mwaka 1978 walikuwa wengi, na majina yao mengi hatuyajui. Siamini kwamba walipoteza muda. Mtu aliyejifunza utotoni kufika mapema, kuyashika maneno yake na kumwokoa mwenzake aliyekwama anayo stadi itakayomfaa katika kazi yoyote, awe muuguzi, dereva au mwalimu.

Waalimu, nanyi nina neno nanyi. Wazazi hawa wanakata tamaa kwa sababu hatuwaelezi. Mkimpa mtoto sehemu ndogo, mwiteni mzazi wake mwambieni ni kwa nini na anategemewa kujifunza nini, na msimu ujao mbadilisheni. Msiwape watoto wale wale sehemu kuu kila mwaka. Na mtoto mwenye sauti kubwa mpeni pia mchezo usio na wimbo.

Kwa ninyi mliokwisha kuwatoa watoto, nimezungumza na viongozi wa vikundi, na nafasi zao bado ziko wazi. Mazoezi ya mchezo wa mwisho wa mwaka yanaanza wiki ijayo baada ya shule, na hakuna atakayewadai maelezo. Waleteni na maji ya kunywa, kalamu ya risasi na daftari. Nakala za mchezo tutazitoa sisi.

Wenu katika malezi,
Mwalimu mstaafu wa muziki na maigizo, Tanga