Mashia wameshinda, lakini usitangaze msikitini bado

Najaf, Iraq, mwishoni mwa Novemba 2025

Baba, shikamoo.

Ama baada ya salamu, mimi ni mzima, masomo yanaendelea, na baridi ya asubuhi imeanza kuuma. Nyinyi ndio mlionitia wasiwasi, zile siku mtandao ulipozimwa wakati wa uchaguzi wa kwetu nikawa napiga simu haziingii. Niliposikia sauti ya Mama ndipo nilipopata usingizi. Hayo tutayazungumza tukionana, si ya kuandika.

Swali lako nimelicheka, kisha nikaona halijibiki kwa ujumbe wa sauti. Umeuliza, "Haya, Mashia wameshinda huko?" Wameshinda, Baba, lakini usitangaze msikitini bado, maana wenyewe hawajajua ni nani kati yao.

Kura zilipigwa Novemba 11. Bunge lina viti 329, na orodha ya Waziri Mkuu Mohammed Shia al-Sudani imeongoza kwa viti 46. Kwa hesabu za kwetu huyo angekuwa ameshaapishwa. Hapa hata hajui kama atarudi ofisini. Matokeo yalipotoka tu, vyama vya Kishia vilivyorushiana vijembe kampeni nzima vilikaa kitako Baghdad, chini ya muungano wao uitwao Mfumo wa Uratibu, vikatangaza kwamba wao kwa pamoja ndio kundi kubwa bungeni, lile lenye haki ya kumpendekeza waziri mkuu. Nouri al-Maliki aliyewahi kuwa waziri mkuu yumo, Hadi al-Amiri na Qais al-Khazali, viongozi wa makundi yenye silaha, wamo, na Sudani mwenyewe yumo. Kila mmoja ama anakitaka kiti, ama anataka awe na neno juu ya atakayekikalia. Uwaziri mkuu kwa mazoea ni wa Mshia, urais wa Mkurdi na uspika wa Msunni, kwa hiyo vita vyenyewe viko ndani ya nyumba yetu.

Haikuwa hivi mwanzo. Januari 2005 Mashia waliingia na orodha moja, Muungano wa Umoja wa Iraq, namba 169, alama yake mshumaa, na baraka za Sayyid Sistani, mwanachuoni mkuu wa Mashia hapa Najaf, nyuma yake. Walipata viti 140 kati ya 275. Wazee wa mtaani wanausimulia uchaguzi ule kama harusi. Baadaye kila kiongozi akaona anaweza kusimama peke yake, akusanye kura zake, halafu aje mezani na mtaji wake mkononi.

Mlango wa mchezo huu ulifunguliwa 2010. Orodha ya Ayad Allawi, waziri mkuu wa zamani, ilipata viti 91, ya Maliki aliyekuwa madarakani 89. Mahakama Kuu ya Shirikisho ikasema kundi kubwa linaweza pia kuwa lile linaloundwa baada ya kura. Maliki akaungana na Mashia wenzake akabaki na kiti, na serikali ilipatikana Desemba ilhali kura zilipigwa Machi. Tangu hapo, kuongoza kwenye kura na kutawala ni mambo mawili tofauti. Mimi naona uamuzi ule umewafundisha wanasiasa kutomwogopa sana mpiga kura.

Muulize Muqtada al-Sadr, shehe wa Kishia mwenye wafuasi wengi. Mwaka 2021 alikuwa wa kwanza kwa viti 73, akataka kuunda serikali na Wasunni na Wakurdi, awaache Mashia wenzake nje. Wakamzuia. Juni 2022 akawaamuru wabunge wake wote wajiuzulu, viti vikaenda kwa waliowafuatia kwa kura, wengi wao wa Mfumo. Aliwapa bunge mkononi! Agosti watu wake wakapigana na wapinzani wao katikati ya Baghdad, na Oktoba Sudani akawa waziri mkuu. Safari hii Sadr ameususia uchaguzi kabisa.

Na wafuasi wake wanamtii. Tunakonunua samuni, ile mikate yenye ncha mbili kama mtumbwi, wanaoka ndugu wawili. Siku ya pili baada ya kura mdogo alikuwa anatupia unga huku kidole kina wino wa zambarau. Mkubwa, mtu wa Sadr, akaninyooshea vidole vyake vyote kumi, vyeupe kwa unga tu, akasema, "Mimi msafi." Mdogo akamjibu kwamba umeme ukikatika watalipia jenereta sawasawa. Hawakununiana; foleni ilikuwa ndefu.

Sayyid Sistani yeye hakubali kuonana na wanasiasa, miaka sasa. Kwa hiyo ukisikia huko mtu anasema fulani ndiye chaguo la marjaa, yaani la Sistani mwenyewe, mwambie anyamaze.

Waziri mkuu simtarajii kabla ya mwaka mpya. Mwambie Ba'mdogo kitabu chake nimekipata, nitampa msafiri wa kwanza anayerudi Tanga. Mama asitume tena dagaa, forodha wananiuliza maswali mengi.

Mwanao